Nani Amechafua Hewa?

Alhamisi, 12 Machi 2009

Elihuruma, kama ni wewe umefungua daftari hili, huna adabu. Mama yako hajakupa. Lifunge. Na kama mkono wako hauwezi kulifunga, basi kaa chini usome mpaka mwisho, kwa sababu kila nitakachoandika humu ni chako.

Naandika kwa sababu nikisema unaniambia, "Mama umechoka, kapumzike." Daftari haliniambii nimechoka. Nilijifunza kuandika kwenye elimu ya watu wazima, jioni, nikitoka kupalilia, na mwalimu alisema mwandiko wangu ni kama jembe, unachimba karatasi. Na uchimbe.

Leo nimefua shuka zako nyeupe za harusi, maana mkeo Anneth yuko Tengeru sokoni na nyanya zake. Nimeanika asubuhi. Mchana nimezikuta zina madoa meusi, ukigusa yanateleza kama yamepakwa mafuta. Nimefua tena, nimeanika tena, madoa tena. Ulipoingia nikakuonyesha. Unakumbuka ulichosema? "Mama, hewa yetu iko ndani ya kiwango."

Kiwango! Nakuonyesha shuka, unanionyesha kiwango.

Niandike vizuri, ili mjukuu wangu Princess akisoma akiwa mkubwa aelewe. Kiwanda kiko ng'ambo ya korongo, hapa hapa Sombetini, bomba lake linaonekana kutoka mlangoni kwangu. Ni kiwanda cha sabuni. Zamani kilikuwa cha serikali, kikafa, mbuzi wakalala ndani. Kikauzwa kwa mwekezaji, kikafufuka. Tulishangilia, na mimi nilipiga vigelegele, maana mwanangu alipata kazi mle. Anaitwa afisa usalama na mazingira. Ana koti jeupe. Siku hizi kila kilichokufa kinauzwa, na kikifufuka kinafufuka na pepo lake.

Kiwanda cha sabuni, jamani, ndicho kinachotupaka masizi.

Ijumaa, 13 Machi

Mvua ya kwanza ya masika. Beseni nililokinga nje limejaa maji ya rangi ya chai. Nimeyamwaga.

Jumatatu, 16 Machi

Leo nimecheka. Princess, binti wa Elihuruma, yuko darasa la kwanza. Amerudi anasema darasani mtu alichafua hewa. Mwalimu akafungua madirisha yote, akauliza, "Nani amechafua hewa? Anyooshe mkono." Hakuna mkono. Kila mtoto anamtazama mwenzake na kuziba pua. Mwalimu akasema basi wote mtapiga magoti. Princess akanyoosha mkono.

"Ulikuwa wewe kweli?" nikamuuliza.

"Ndiyo Bibi. Yalikuwa maharage."

Mwalimu akawaambia wampigie makofi. Nimemkaangia yai. Hata wazee wa kanisa sijawahi kuona mmoja akinyoosha mkono kwa jambo hilo.

Amekohoa wakati wa kula. Nimempa tangawizi.

Jumatano, 18 Machi

Tulikuwa tunakula loshoro, mahindi yetu ya maziwa ya mgando, nikamuuliza Elihuruma ile taarifa anayoandika wiki hizi ni ya nini.

"Kila mwaka, Mama, kiwanda kinapeleka serikalini taarifa ya uchafuzi wa hewa. Mwaka uliopita tumetoa kilo ngapi za masizi, kilo ngapi za salfa. Mwisho ni Mei."

"Mnaupimaje huo moshi? Mnaukinga kwenye gunia?"

"Hatupimi. Tunakokotoa."

"Mnakokota?"

Anneth akacheka mpaka akakohoa. Elihuruma hakucheka. "Kukokotoa, Mama. Ni hesabu. Unachukua lita za dizeli zilizochomwa kwenye boila mwaka mzima, unazidisha kwa namba iliyoko kitabuni, unapata moshi."

"Kwa hiyo moshi mnautafuta kitabuni, na bomba liko juu ya vichwa vyenu?"

"Ndivyo wanavyofanya dunia nzima."

"Na dunia nzima wanachoma matairi?"

Kijiko chake kikasimama hewani. "Nani kakwambia tunachoma matairi?"

"Pua."

Akaangalia mlango, kana kwamba meneja wake amesimama pale. Halafu akanieleza taratibu, sauti ya kumwelewesha mtoto. Dizeli inanunuliwa, ina risiti. Matairi mabovu na oili chafu vinaletwa bure na magari ya gereji, havina risiti. Kisicho na risiti hakiingii kwenye taarifa. Nikamwambia subiri, nirudie nisikosee. Mnavyozidi kuchoma matairi, dizeli inapungua?

"Inapungua."

"Na dizeli ikipungua, taarifa inasema moshi umepungua?"

Alichota loshoro kijiko kizima akajaza mdomoni.

Kwa hiyo nimejifunza leo, mzee mzima. Moshi usio na risiti si moshi. Nami nikikohoa nianze kudai risiti.

Jumapili, 22 Machi

Mvua. Kanisani mahubiri marefu. Princess alikohoa mpaka mama mmoja akageuka. Nilimtazama huyo mama mpaka akageuka tena mbele.

Jumatano, 25 Machi

Serikali imekuja kukagua. Wamemtuma msichana, anaitwa Evaresta, afisa wa mazingira. Viatu vya kisigino kwenye tope la Sombetini, nywele zimelazwa, faili kifuani kama mtoto mchanga. Barua ya kusema anakuja ilitangulia kiwandani wiki iliyopita. Nani anamwandikia mwizi barua?

Bomba leo limetoa kimoshi chembamba, cheupe, cha adabu. Jirani yangu Salha, anayekaanga vitumbua nje ya geti lake, akanipigia kelele kuvuka njia, "Bibi Aikande! Umeona? Leo bomba limevaa kanzu ya Ijumaa!"

Huyo Salha mdomo wake hauna kufuli, umbea wa mtaa mzima unalala kwake. Lakini hapo alisema kweli.

Msichana alikaa kwa meneja, akanywa soda, akaondoka. Haijafika jioni bomba limerudi kwenye nguo zake za kazi.

Alhamisi, 2 Aprili

Mnavu, mboga yangu ya jioni, nimeuosha kwa maji matatu. Maji ya tatu bado meusi. Nimeutupa.

Ijumaa Kuu, 10 Aprili

Kiwanda kimefungwa kwa sababu ya Pasaka. Mvua ilinyesha alfajiri ikakatika, na nilipofungua mlango nikaona Mlima Meru. Mzima! Mabonde yake yote, na ile miamba ya juu. Nilisahau kwamba tunakaa chini ya mlima. Nikawaita wote watoke nje, hata Salha nikamwita. Tukasimama pale na kanga zetu kama watalii.

Princess ameruka kamba mpaka nikamkataza. Hajakohoa kutwa. Elihuruma nimemwambia, "Umesikia?" Akasema, "Nini?" Nikamwambia, "Hakuna kikohozi. Sikiliza vizuri, kesho kutwa kikirudi ujue kilikuwa wapi."

Akasema, "Mama, leo ni siku ya Bwana kusulubiwa, tusigombane." Amejificha nyuma ya Bwana Yesu sasa.

Jumanne, 14 Aprili

Wamewasha. Mlima umeondoka.

Alhamisi, 16 Aprili

Kijana na kipaza sauti amepita mtaani. "Wananchi wote mnakaribishwa Jumamosi, ofisi ya mtaa, kusomewa taarifa ya mwaka ya uchafuzi wa hewa!" Vijana wa kijiweni wakashika matumbo. "Itasomwa na aliyeuchafua, au?" Princess naye ameniuliza kama atakayenyoosha mkono atapigiwa makofi.

Jumamosi, 18 Aprili

Nimekwenda. Nilivaa kitenge changu cha Idara ya Wanawake ya kanisa na viatu. Nilikuwa nimelipanga swali langu tangu Alhamisi, nikilisema peke yangu jikoni.

Mwenyekiti wa mtaa, mzee Eliasi, alikaa katikati. Kushoto Evaresta wa serikali. Kulia meneja wa kiwanda, Derick, kijana mwenye kitambi na tai. Nyuma yake Elihuruma wangu na koti jeupe. Kando ya mlango maboksi ya sabuni, kila atakayehudhuria apewe mche mmoja akitoka. Wanatuchafua halafu wanatugawia sabuni!

Derick akasimama akasoma. "Ndugu wananchi, napenda kuwataarifu kuwa mwaka jana kiwanda chetu kilichafua hewa kidogo sana."

Sauti nyuma ikasema, "Kile kidogo ndicho kinachotoka kimyakimya! Ndicho kinachonuka!"

Watu wakaangua. Eliasi akagonga meza. Derick akaendelea. "Uchafuzi wetu wa hewa umepungua ukilinganisha na mwaka juzi."

"Mlibadilisha mboga?"

Hapo hata wazee walicheka. Mimi sikucheka. Nilisimama, nikasubiri wanyamaze. Nikasema, "Shikamooni wakubwa, marahaba wadogo. Mwenyekiti, mimi nina swali moja. Tangu lini mtu aliyechafua hewa akaulizwa yeye mwenyewe amechafua kiasi gani?"

Yesu wangu. Sijawahi kusikia kicheko kama kile. Salha alianguka kutoka kwenye benchi. Vijana walipiga bati la ukuta. Derick mwenyewe alitoa leso akafuta machozi, anasema, "Bibi, Bibi, utaniua." Eliasi akajaribu kusema akashindwa. Evaresta peke yake hakucheka sana. Alinitazama, akainama, akaandika kitu. Akafungua mdomo anijibu, ngurumo ikapiga, mvua ikaja na upepo, watu wakakimbilia sabuni.

Njiani walinishika mkono. "Bibi Aikande umewaweza!" Nimefika nyumbani nimejaa kiburi, sitaficha. Niliwaweza.

Sabuni sikuchukua. Anneth alichukua miwili.

Jumatano, 22 Aprili

Mbwa wakubwa!

Elihuruma amerudi na nakala ya muhtasari wa mkutano, itaambatanishwa na taarifa. Nilimwambia anisomee sehemu yangu, nilitaka kusikia swali langu limeandikwaje. Alitaka kukwepa. Nikanyang'anya nikasoma mwenyewe kwa kidole. Imeandikwa hivi: "Wananchi waliipokea taarifa kwa furaha na vicheko. Hakukuwa na pingamizi."

Furaha na vicheko.

Swali langu halimo. Wamelila, wamebakiza kicheko. Mimi Aikande niliyesimama na viatu ndiye niliyewapa furaha ya kuandika. Laiti ningelitukana ningeandikwa kuwa nimepinga. Lakini nani alisema "kuchafua hewa"? Si wao? Mtu anachukua neno la ushuzi, analivalisha tai, halafu mwenye mtaa akilitumia anaonekana mchekeshaji. Kwa nini hawakusema wanatutia sumu? Neno sumu hakuna ambaye angelicheka.

"Na wewe ulikuwa umekaa pale," nikamwambia Elihuruma. "Ulinisikia. Ulijua sitanii."

"Mama, watu walicheka. Mwandishi ameandika alichoona."

"Na wewe uliona nini?"

"Niliona mama yangu anachekwa," akasema, akaingia chumbani.

Bado sijui ningemjibu nini.

Jumamosi, 25 Aprili

Mvua. Simsemeshi. Uji namwekea.

Alhamisi, 30 Aprili

Mvua. Wingu limelala juu ya bati, na moshi hauna pa kwenda, unatambaa chini kama nyoka, unaingia chini ya mlango. Tumekula tumefunga madirisha. Princess ameamka mara nyingi.

Jumanne, 5 Mei

Naandika nikiwa benchi la hospitali, kalamu nimeazima kwa nesi.

Mchana Princess alirudi shule akiwa anatembea kama bibi kizee, mabega juu. Nikamwambia vua viatu. Hakuvua. Alinitazama tu, kifuani kuna filimbi. Midomo ilikuwa ya kijivu. Nikamwita jina, anajaribu kuitika, pumzi haitoshi neno moja. Nje mvua, na ule moshi umekaa uani kana kwamba umealikwa.

Nilipiga kelele. Miguu yangu haikimbii tena, nikajua atanifia mikononi. Nani alikuja? Salha. Aliacha mafuta motoni, akaruka mfereji, akamnyakua mtoto kutoka mikononi mwangu, akakimbia naye kwenye tope hadi barabarani, akasimama katikati ya njia mbele ya pikapu ya viazi, mikono wazi. "Simama au nigonge!" Dereva akasimama. Tulikaa juu ya magunia. Salha alimfunika kwa kanga yake, akamwambia sikioni njia nzima, "Vuta mama, vuta, vuta kidogo." Na mimi ndiye niliyeandika humu kwamba mdomo wake hauna kufuli. Mungu ashukuriwe kwa mdomo ule.

Walimvalisha kikombe cha plastiki puani, kinafuka dawa. Wakasema ni pumu. Tukasubiri. Filimbi ikaanza kushuka.

Elihuruma akaja, kalowa, na koti lake jeupe la kazi. Alimshika mtoto mguu. Nilimwonea huruma, niseme kweli. Daktari, kijana mpole, akakaa na karatasi akamuuliza maswali. Umri. Chanjo. Katika ukoo kuna pumu? Hapana. Mnapikia nini? Mkaa, nje. Kisha akauliza, "Karibu na nyumbani kuna moshi? Kiwanda, jalala, watu wanaochoma takataka?"

Mwanangu akasema, "Hapana."

Hakufikiri. Hakumeza mate. Ilitoka kama vile mtu anavyoitikia marahaba akisikia shikamoo. Binti yake amelala pale na kikombe puani, na yeye anasema hapana. Daktari akaanza kuandika.

Nikasimama. "Daktari, futa. Andika ndiyo."

"Mama..."

"Nyamaza! Daktari, andika ndiyo, kiwanda, matairi na oili chafu, ng'ambo ya korongo. Na huyu ndiye baba, na kazi yake, ile anayolipwa, ni kuandika hapana. Leo umelipwa na nani, Elihuruma? Hapa hakuna meneja. Ni mimi, ni daktari, ni mtoto wako. Hiyo hapana umempa nani?"

Salha akanivuta kanga, "Bibi, inatosha." Haikutosha.

Alinifuata ukumbini baadaye. Nilidhani atasema nimemwaibisha. Akasema, "Mama, sikutaka. Mdomo ulisema wenyewe."

Nimekuwa na hasira naye tangu Machi, na nilidhani anasema uongo. Mwongo anajua kweli iko wapi, anaizunguka. Huyu wangu ameshapita hapo. Wamemfundisha hapana mpaka imekuwa pumzi yake. Nimeogopa kuliko nilivyoogopa ile filimbi.

Alhamisi, 7 Mei

Tumerudi nyumbani. Princess anakula. Daktari kasema asikae penye moshi. Tumhamishie wapi, juu ya mlima?

Salha nimempelekea ndizi mkungu mzima. Akasema, "Bibi, kumbe unajua na kutoa?" Nikamwambia anyamaze, akacheka.

Jumanne, 12 Mei

Mchana nilisikia hodi. Mlangoni amesimama yule Evaresta wa serikali, miguu mitupu, viatu mkononi, tope hadi magotini. Peke yake, bila gari na bila barua.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Nani kakwambia Sombetini inatembelewa na visigino? Kaa hapo. Nawa miguu. Hukufundishwa na mama yako kuangalia mbingu kabla ya kuvaa?"

Akanawa, akakaa, nikampa uji. Akasema, "Nimekuja kujibu swali lako. Lile la mkutanoni. Lilinikera, kwa sababu niliona kwamba ni swali."

Nikamwongezea uji. Mtu wa kwanza kuliona.

Akaniambia hana kifaa cha kupimia bomba. Kuna kimoja, kiko Dar es Salaam, nacho ni kibovu. Ana viwanda vya mkoa mzima na faili tu. "Kwa hiyo ndiyo, Bibi, namwuliza aliyechafua amechafua kiasi gani. Sina mwingine wa kumwuliza. Anachoandika ndicho ninachoshika."

"Na akidanganya?"

"Akidanganya vizuri, simgusi. Moshi wa matairi nauona, lakini nikifika na barua haupo, na nikifika bila barua geti linafungwa. Akisema kweli, hapo nina nguvu. Naweza kumwamuru aache matairi, nampa muda, asipotekeleza nafunga boila. Lakini lazima aseme kwanza."

"Kwa hiyo sheria yako yote imekaa kwenye mkono wa mtu mmoja anayeandika."

Akatazama koti jeupe nililomfulia Elihuruma, linaloning'inia ukutani. "Ndiyo," akasema. "Na wakati mwingine huyo mtu ana mama."

Nilimdharau bure huyu mtoto. Nimempa kandambili za Anneth za kurudia.

Jumapili, 17 Mei

Nimemwambia Elihuruma yote aliyosema Evaresta. Alisikiliza ameinamisha kichwa. Akasema hata akitaka, matairi hayana risiti, atayahesabu kwa nini? Hawezi kuandika "pua ya mama yangu."

Nikamwambia amesoma mpaka chuo, afikiri. Shule nimemsomesha ili aniulize mimi?

Jumatano, 20 Mei

Amefikiri!

Aliingia na tope miguuni, anaongea kabla ya kukaa. Tairi likiungua linabakiza waya. Zile waya za chuma za ndani. Kila mwezi wachochea boila wanazikokota nje ya majivu, na kiwanda kinaziuza kwa watu wa chuma chakavu kwa uzito. "Na meneja ni mtu wa biashara, Mama, hauzi kitu bila risiti! Matairi yaliingia bila risiti, lakini yametoka na risiti!"

Kutokana na waya anajua uzito wa matairi, na kutokana na matairi anajua moshi. Amekokotoa mezani kwangu, mara ya kwanza nimeona anavyofanya. Mwisho akaweka kalamu. Masizi ya mwaka jana, yale halisi, yamezidi ya kwenye taarifa mara nyingi sana, hata yeye alirudia hesabu akidhani amekosea. Kisha akakitazama chumba cha Princess.

"Nilikuwa napita karibu na lile rundo la waya kila siku," akasema.

Nikamwambia ale.

Jumatatu, 25 Mei

Meneja Derick ameisoma hiyo taarifa mpya na kuirudisha. Amesema: iandikwe kwa dizeli kama miaka yote na isainiwe kabla ya Ijumaa, au afisa aweke funguo mezani. Elihuruma hajala. Anneth analia chooni, anafikiri hatusikii.

Alhamisi, 28 Mei

Derick amekuja hapa mwenyewe, na katoni ya sabuni begani.

"Shikamoo Bibi. Pole na mjukuu."

"Marahaba. Imeshapoa. Unataka nini?"

"Bibi, wewe ni mtu mzima, ongea na mwanao. Ana kazi nzuri. Watu mia moja wanakula kwenye boila lile. Serikali ikifunga, hao utawalisha wewe? Mwaka ujao tutaweka chujio kwenye bomba. Mwaka huu taarifa ipite tu. Ni karatasi, Bibi. Karatasi haikohoi."

Hilo la watu mia moja ni la kweli, na lilinichoma, maana wengine ni wa mtaa huu. Lakini nilimwambia, "Mwanangu Derick, serikali haijasema itafunga. Itawaamuru mwache matairi mnunue dizeli, kama mnavyoandika kwamba mnanunua. Mnaambiwa mfanye kile mnachoapa mnakifanya. Hilo nalo ni zito?"

Akatabasamu. "Bibi una maneno. Kama siku ile mkutanoni."

"Siku ile ulifuta machozi. Beba sabuni yako kabla sijakufanya ulie tena."

Ameibeba.

Elihuruma amekaa mezani tangu hapo, taarifa mbili mbele yake, ya dizeli na ya waya. Ameniuliza, "Mama, wakinifukuza tutakula nini?" Nimemwambia migomba ya shamba letu la Nduruma haijamsahau mtu. Akasema, "Na ada? Na dawa ya Princess?" Siwezi kumdanganya, uongo umeshatosha nyumbani humu. Nimemwambia sijui. Nimemwambia ninachojua ni kwamba dawa ile na moshi ule haviwezi kuwa vya baba mmoja.

Kwa hiyo naliacha daftari hili wazi juu ya hizo taarifa zake mbili, ukurasa huu, nakwenda kumwogesha mtoto. Umepewa ruhusa, Elihuruma. Soma.

Kesho amka, kunywa uji wote. Vaa koti la harusi, hilo jeupe liache ukutani. Ile ya dizeli waisaini wao wenyewe. Ya waya uisaini wewe, jina lako lote na la baba yako, uambatanishe risiti za chuma chakavu. Usimpe tarishi, usipitie kiwandani. Ipeleke kwa mkono wako ofisini kwa Evaresta, na uchukue kwake kandambili za Anneth umrudishie. Utakuta watu kwenye foleni, usijali. Akikuuliza nani amechafua hewa, usitazame wenzako, usizibe pua.

Nyoosha mkono, kama mtoto wako.